Oili mikononi, hatari mwilini: Fundi kijana wa gereji, hii inakuhusu

Ukipita Mwembe Tayari asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma, utaikuta Mombasa ishaamka kitambo. Mabasi ya Nairobi yanapiga honi, makanga wanavutana na abiria, mama wa mahamri na mbaazi meza yake imejaa wateja, na mkokoteni wa maji unajipenyeza katikati ya msongamano wa barabara ya Jomo Kenyatta. Sasa acha barabara kuu uingie vichochoroni, uelekee upande wa Majengo na Shimanzi. Huko ndiko magari yanakofufuliwa. Kijana mmoja yuko chini ya gari akimwaga oili. Mwingine anaosha gia kwa petroli ndani ya karai. Wa tatu yuko kwenye mashine ya kukereza vyuma, anaskim drum ya breki, huku maji meupe kama maziwa yakimrukia mikononi na kifuani.

Kazi zao ni tofauti lakini wote watatu wanashinda ndani ya mafuta kutwa nzima. Yako kwenye ngozi, kwenye ovaroli, kwenye kitambaa cha mfukoni, na mara nyingine yako hewani, wanayavuta bila kuyaona.

Ukiuliza hatari ya gereji ni nini, utaambiwa jeki kuteleza, spana kukata kidole, betri kulipuka. Zote ni hatari za kweli, na faida yake ni kwamba zinaonekana papo hapo. Saratani haina haraka hiyo. Inaweza kuchukua miaka 10, 20, hata zaidi ya 30 tangu mtu aanze kugusana na kitu kinachoisababisha mpaka ugonjwa ujitokeze. Aliyeanza ufundi akiwa na miaka 18 anaweza kuugua akiwa na 45, ashaoa, ana watoto shuleni, na wala hakumbuki ile karai ya mafuta.

Hatukuandika haya kukutisha uache kazi. Kazi ni kazi, na riziki ya gereji ni ya halali. Lakini kuna mambo ambayo mafundi wa nchi nyingine waliyajua baada ya kuzikana, na hakuna sababu ya sisi kuyajua kwa njia hiyo hiyo.

Mafuta gani hasa tunayazungumzia?

Chuma kinapokatwa, kutobolewa au kukerezwa, kinapata moto mkali. Bila kitu cha kukipoza, kisu cha mashine kinaungua na kazi inaharibika. Ndiyo maana mafundi humwagia mafuta au maji maalumu. Kazi yake ni nne: kupoza, kulainisha, kuondoa vipande vilivyokatwa na kuzuia kutu.

Yapo ya aina kadhaa. Kuna mafuta matupu, yanayotoka petroli ghafi na hayachanganywi na maji. Kuna yale yanayochanganywa na maji yakawa meupe kama maziwa, ambayo mafundi wengi huyaita solubo. Halafu kuna ya kisasa yaliyotengenezwa kwa kemikali, ambayo yana mafuta kidogo ya ardhini au hayana kabisa. Ndani ya aina zote hizi hutiwa viungo vya ziada, kama dawa ya kuua bakteria, ya kuzuia kutu, ya kuzuia povu na kadhalika.

Kwenye gereji za mjini kuna ndugu yake wa karibu, oili ya injini, na hasa ile iliyotumika, oili chafu. Hiyo haikutengenezwa kwa kukatia chuma, lakini mtaani utakuta fundi anaitia kwenye drili au msumeno kwa sababu ni ya bure. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Waliotangulia kuumia

Habari hii ilianzia mbali na mafuta. Mwaka 1775, daktari mpasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika kuhusu vijana waliokuwa wakisafisha mabomba ya moshi. Aligundua kuwa masizi yaliyokuwa yakijikusanya kwenye ngozi ya mfuko wa korodani yalikuwa yakiwasababishia saratani mahali hapo. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kuonyesha wazi kwamba kazi yenyewe inaweza kumpa mfanyakazi saratani.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, madaktari wa Manchester walianza kuona saratani ile ile kwa watu ambao hawajawahi kugusa bomba la moshi. Walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya pamba, wale wa mashine za kusokota nyuzi. Mashine hizo zilipakwa mafuta ya madini, na mfanyakazi alikuwa akiinama juu yake siku nzima, mafuta yakirukia suruali. Mwaka 1922 madaktari wawili walichapisha hesabu ya wagonjwa wa saratani hiyo waliotibiwa katika hospitali kuu ya mji huo. Kati ya wagonjwa 141, wasokota nyuzi walikuwa 69. Serikali ya Uingereza iliunda kamati kuchunguza, lakini kanuni maalumu za kuwalinda wafanyakazi hao zilikuja kuwekwa mwaka 1953, wakati viwanda vyenyewe vilikuwa vishaanza kufifia.

Halafu likaja kundi la tatu, na hili ndilo linalofanana na fundi wetu wa mashine ya kukereza. Kuanzia mwaka 1950, madaktari wa Birmingham waliripoti saratani hiyo kwa mafundi wa viwanda vya vyuma. Huko Ufaransa, kwenye bonde la Arve ambako karakana ndogo ndogo hukereza vipuri vya vyuma, madaktari walikuta hali hiyo hiyo.

Kesi moja ya Birmingham inafaa kila fundi aijue. Fundi wa kiwanda cha bolti na nati alifanya kazi kwa miaka 15 akiinama juu ya mashine zilizojaa mafuta, nguo zikilowa. Alifariki mwaka 1966 kwa saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani, na mjane wake akaenda kortini. Ilibainika kwamba daktari wa kiwanda alijua hatari hiyo kabla, ila hakuwapa wafanyakazi karatasi ya onyo wala kuwapima mara kwa mara. Mwaka 1968 mahakama ilisema kampuni ilikosea. Kesi hiyo bado inatajwa na mawakili hadi leo, kwa sababu iliweka wazi kwamba mwajiri anayeijua hatari akanyamaza anabeba lawama.

Wanasayansi wanasema nini leo?

IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeweka mafuta ya madini yasiyosafishwa, au yaliyosafishwa juu juu tu, katika Kundi la 1. Hili ni kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Saratani iliyothibitishwa hapa ni ya ngozi, pamoja na ile ya mfuko wa korodani. Ukisikia Kundi la 1, usidhani maana yake ni kwamba ukigusa mara moja umekwisha. Maana yake ni kwamba ushahidi hauna shaka. Uzito wa hatari unategemea umegusa kiasi gani, mara ngapi na kwa miaka mingapi.

Kinacholeta balaa ni kemikali zinazojulikana kwa kifupi kama PAH, zinazotokea kwenye mafuta ghafi na kila kitu kinapoungua nusu nusu. Kuanzia katikati ya karne iliyopita, viwanda vilianza kuyasafisha mafuta kwa njia kali zaidi zinazoondoa kemikali hizo. Mafuta yaliyosafishwa kikamilifu yapo katika Kundi la 3, yaani hakuna ushahidi wa kutosha kuyashtaki. Kwa hiyo aina ya mafuta unayonunua si jambo dogo. Mtungi usio na lebo hauwezi kukwambia kama uko Kundi la 1 au la 3.

Wamarekani nao wamechunguza. Utafiti mkubwa ulioanzia miaka ya 1980 ulifuatilia zaidi ya wafanyakazi 46,000 wa viwanda vitatu vya General Motors katika jimbo la Michigan. Mwaka 1998, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia afya kazini, NIOSH, ilikusanya tafiti zote zilizokuwapo na kusema kuna ushahidi unaohusisha baadhi ya mafuta ya vyuma na saratani za zoloto, yaani kisanduku cha sauti, puru, kongosho, ngozi, mfuko wa korodani na kibofu cha mkojo. Mwaka 2014, utafiti wa majimbo ya kaskazini mashariki mwa Marekani ulionyesha tena kuwa wanaume waliotumia mafuta matupu ya kukatia chuma walikuwa na hatari zaidi ya saratani ya kibofu.

Kuna jambo la kusema kwa haki hapa. NIOSH yenyewe ilieleza kwamba ushahidi mwingi ulitokana na watu waliofanya kazi kabla ya katikati ya miaka ya 1970, wakati mafuta yalikuwa machafu zaidi na mvuke wake ulikuwa mzito. Karakana za kisasa zenye mashine zilizofunikwa na feni za kunyonya mvuke haziko sawa na zile za zamani. Sasa jiulize mwenyewe: karakana unayofanyia kazi inafanana na ipi?

Viungo vya ziada navyo vina kisa chao. Zamani watengenezaji walikuwa wakitia chumvi ya naitraiti kuzuia kutu. Ikikutana na kemikali nyingine zilizomo humo humo, hutengeneza naitrosamini, ambazo wanasayansi huzihofia kwa saratani. Mwaka 1984 serikali ya Marekani ilipiga marufuku baadhi ya michanganyiko hiyo. Baadhi ya dawa za kuua bakteria nazo hutoa fomaldihaidi, ambayo nayo iko Kundi la 1.

Oili chafu ni habari nyingine

Tulisema tutalirudia. Oili mpya ya injini ya kiwango kizuri huwa imesafishwa. Lakini ikishaingia kwenye injini, inapikwa kwenye moto, inachanganyika na masizi na mabaki ya petroli au dizeli, na zile PAH zilizoondolewa kiwandani zinarudi. Kadiri oili inavyokaa kwenye injini ndivyo zinavyozidi. Ukiongeza na chembe za vyuma vilivyosagika, unapata kile kitu cheusi unachokimwaga kila siku kupitia vidoleni.

Wataalamu waliijaribu oili ya petroli iliyotumika kwa wanyama na ikawatia saratani ya ngozi. Ndiyo maana Uingereza huwaonya mafundi waziwazi waiepushe na ngozi.

Hapa kwetu oili chafu haitupwi, inapata kazi ya pili. Inapakwa mbao kuzuia mchwa, inapakwa mbao za kumwagia zege, inamwagwa chini kutuliza vumbi, inatiwa kwenye drili. Kila matumizi hayo yanaongeza mkono mwingine unaoigusa, na mara nyingi ni mkono wa mtoto au mama wa nyumbani asiyejua kitu.

Yanaingiaje mwilini?

Njia ya kwanza ni ngozi. Mikono ndiyo inayoonekana, lakini hatari kubwa iko chini ya nguo. Ovaroli iliyolowa oili ikigandamana na mapaja siku nzima, wiki nzima, ni sawa na kujipaka. Na kile kitambaa cha kufutia mikono ambacho kila fundi anakitia mfukoni! Watu waliochunguza visa vya Birmingham walikitaja hicho hicho. Kiko sentimita chache tu kutoka mahali ambapo saratani ile ilikuwa ikiota. Joto la Mombasa na jasho havisaidii.

Njia ya pili ni pumzi. Mashine inapozunguka kwa kasi, mafuta yanavunjika kuwa ukungu mwepesi. Ukichukua kompresa ukapuliza vipande vya chuma, ukungu unakuwa mzito zaidi, na wote mnaouvuta ni nyie mlio ndani. Na ile solubo iliyokaa wiki mbili ikaanza kunuka kama yai viza, hiyo imejaa bakteria. Kuivuta kunaweza kuleta pumu na ugonjwa mbaya wa mapafu. Hapo hata hatujafika kwenye saratani.

Njia ya tatu ni mdomo, na hii sote tunaijua. Saa nne imefika, viazi karai vinapita, mkono umefutwa kwa kitambaa kile kile, kiazi kinaingia mdomoni. Au ni sigara inayoshikwa na vidole vyeusi. Au muguka unaochumwa jani kwa jani.

Halafu kuna petroli. Kuosha mikono kwa petroli kunaondoa grisi kweli, lakini kunaondoa pia mafuta ya asili yanayolinda ngozi, kwa hiyo kinachofuata kinaingia kirahisi zaidi. Petroli yenyewe ina benzini, inayosababisha saratani ya damu. Mwaka 2025 IARC iliiweka petroli ya magari katika Kundi la 1. Kuinyonya kwa mpira kwa mdomo ni jambo la kuachwa leo, si kesho.

Yale tunayoambiana gereji

Kuna maneno ambayo kila fundi ashayasikia, labda ashayasema.

*“Mwili ushazoea.”* Ngozi inaweza kuacha kuwasha. Hiyo haina maana kwamba chembe zake haziharibiki. Saratani haikupi taarifa kwa kuwasha.

*“Mzee wangu amefanya miaka 40 na yuko fiti.”* Alhamdulillahi. Na kuna wavutaji sigara wanaofika miaka 90. Wale ambao hawakufika hawapo gereji kukusimulia.

*“Glavu ni za watu wa ofisi.”* Hapa kuna ukweli nusu. Kwenye mashine inayozunguka, kama ya kukereza au drili ya mezani, glavu ni hatari kwa sababu zinaweza kunaswa na kuvuta mkono mzima. Usizivae hapo. Lakini kumwaga oili, kufungua sump, kuosha vipuri na kuokota vyuma vilivyolowa, hapo glavu ni za kwako. Ziwe za mpira usiopitisha mafuta. Glavu za kitambaa zilizolowa oili ni mbaya kuliko mikono mitupu, kwa sababu zinaishikilia oili kwenye ngozi.

*“Nikifa nimekufa, siku yangu imefika.”* Ajali ni kazi ya Mungu, sawa. Lakini hata ngamia hufungwa kwanza, ndipo tukasema tunatawakali.

Unaweza kufanya nini na mfuko wako ulivyo?

Mashine zenye mifuniko na feni za kunyonya hewa ni ghali, na wengi wetu hatuzioni kesho. Lakini mengi ya muhimu hayahitaji pesa nyingi.

1. Badilisha nguo. Usirudi nyumbani na ovaroli. Kuwa nazo mbili, moja ifuliwe huku nyingine ikivaliwa, na isifuliwe pamoja na nguo za watoto. Ikilowa oili, ivue. Chupi iliyolowa oili nayo ibadilishwe siku hiyo hiyo.

2. Toa kitambaa mfukoni. Kitundike ukutani au kwenye mashine. Hili ni bure kabisa.

3. Osha kwa akili. Sugua mikono kwa mafuta kidogo ya kupikia kwanza, yatalegeza grisi. Kisha sabuni na maji. Ukitaka nguvu zaidi, sukari kidogo na sabuni inasugua vizuri. Osha kabla ya kula, kabla ya kuvuta sigara, na kabla ya kwenda haja, si baada tu. Ukimaliza, jipake mafuta ya kujipaka ili ngozi isipasuke.

4. Oga ukimaliza kazi. Paja, kinena na mikono hadi kiwikoni. Chumvi ya bahari itakusamehe, oili haitakusamehe.

5. Usipulize kwa kompresa. Tumia brashi. Weka kipande cha bati au plastiki mbele ya mashine kuzuia mafuta yasikurukie, na fungua milango hewa ipite. Upepo wa bahari upo, utumie.

6. Badilisha solubo kabla haijaoza. Ikinuka, imwage sehemu inayofaa, safisha tangi, anza upya. Usitie dawa kwa kukadiria.

7. Usinunue mtungi usio na jina. Uliza karatasi ya maelezo ya usalama ya bidhaa. Muuzaji wa kweli anayo au anaweza kuipata.

8. Usikatie chuma kwa oili chafu. Ihifadhi kwenye pipa lenye mfuniko, iuziwe wakusanyaji wenye leseni. Mtaroni ni baharini, na samaki wa bahari hiyo ni wetu.

Kama unavuta sigara, ongeza hili: saratani ya kibofu na ya zoloto huchochewa sana na sigara. Ukichanganya na oili, unapigana na maadui wawili kwa pamoja.

Dalili usizipuuze

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Saratani hii ikionekana mapema hutibika vizuri, ya ngozi hasa. Tatizo ni mahali inapoota. Kijana wa Kipwani kumwonyesha mtu kidonda cha mahali pale si jambo rahisi, na wengi husubiri mpaka hali imeharibika. Daktari ashaona mengi, hatashangaa.

Nenda ukapimwe ukiona mojawapo ya haya: chunjua, uvimbe au kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa kwenye mikono, uso au mfuko wa korodani, sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu bila mafua, damu kwenye choo kikubwa, au damu kwenye mkojo.

Hiyo ya mwisho ina mtego wake hapa Pwani. Mtu akikojoa damu, wengi husema ni kichocho tu, maana kichocho kipo sana Kwale, Kilifi na kwingineko. Inaweza kuwa kweli. Lakini kichocho cha kibofu kisichotibiwa nacho ni chanzo kinachojulikana cha saratani ya kibofu. Kwa hiyo kwa vyovyote vile, damu kwenye mkojo si ya kunywea dawa za dukani. Ukifika kituo cha afya au hospitali kuu ya Coast General, mwambie daktari waziwazi: mimi ni fundi, nashika oili, ni miaka kadhaa sasa. Wengi hawaulizwi kazi yao, na bila hilo daktari anakosa kidokezo muhimu.

Na jisajili na SHA. Kwa fundi wa jua kali mchango wa chini ni Sh300 kwa mwezi. Matibabu ya saratani hayasubiri harambee. Mwaka 2022, kwa makadirio ya IARC, Kenya ilipata wagonjwa wapya wa saratani takriban 44,700, na vifo takriban 29,300. Kila familia ina jina la kutaja hapo.

Sheria iko upande wako, ukiijua

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu kila mahali pa kazi nchini, gereji ya kichochoroni ikiwemo. Inamtaka mwajiri akupe maelezo ya hatari zilizopo, akufundishe na akupe vifaa vya kujikinga bila kukukata pesa. Penye wafanyakazi 20 au zaidi panapaswa kuwa na kamati ya usalama. Msimamizi wake ni Idara ya Usalama na Afya Kazini, DOSHS, na unaweza kupeleka malalamiko huko. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, WIBA, ya mwaka huo huo, haihusu ajali peke yake. Inahusu pia magonjwa yatokanayo na kazi. Na orodha ya magonjwa hayo ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, inaitaja saratani inayotokana na mafuta ya madini.

Kwa hiyo weka kumbukumbu. Andika ulifanya kazi wapi, tangu lini, ukishika nini. Hata kwenye simu. Miaka 20 baadaye, hiyo ndiyo ushahidi.

Ugumu ni kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wa Kenya wako kwenye sekta ya jua kali. Mwajiri wako pengine ni fundi mkuu aliyeanza kama wewe, na yeye mwenyewe mikono yake imelowa. Huyo huwezi kumshtaki, lakini mnaweza kukaa chini. Mkiwa mafundi kumi mnaochangia chama, pesa za sabuni, katoni moja ya glavu na pipa la oili chafu hazizidi zile mnazonunulia chai.

Wanaofundisha ufundi nao wana deni. Kijana akitoka chuo cha kiufundi au kufanya mtihani wa NITA, awe anajua kwa nini haweki kitambaa cha oili mfukoni, kama anavyojua kusoma vipimo vya mashine.

Na kama unaona haya ni mambo ya Wazungu wa zamani, Owino Uhuru iko papa hapa, Mombasa hii hii. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilitia sumu ya risasi kwenye miili ya wafanyakazi na wakazi wa mtaa huo. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa ofisini humo, mwanawe mchanga akaugua, akauliza maswali, hakunyamaza. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni, na baada ya kupinduliwa kwenye rufaa, Mahakama ya Juu iliurudisha uamuzi huo Desemba 2024. Ilichukua zaidi ya miaka kumi, na wapo waliofariki wakisubiri.

Ndiyo maana ni afadhali kuanza na lililo rahisi. Leo jioni, kabla ya kufunga kazi, toa kile kitambaa mfukoni. Mwambie na mwenzako.